Stafu wangu wananambia "hamna tabu" lakini hawanisemeshi

SUALI: Shikamoo bi mshauri. Mie ni supavaiza wa hausikipingi kwenye hoteli moja huku Nungwi, nimepandishwa cheo mwezi wa sita, na kabla ya hapo nilikuwa natandika vitanda na hawa hawa ninaowasimamia sasa. Wiki iliyopita msichana mmoja kachelewa mara ya tatu, vyumba 12 havijafanywa na wageni wanaingia saa nane, nikamfokea koridoni mbele ya wenzake na mgeni mmoja anapita. Hakujibu, kasema samahani tu. Tokea siku hiyo nikiingia stoo ya mashuka watu wananyamaza, nikiuliza kuna tatizo wote "hamna tabu". Meneja kaniita kanambia nikakuze akili ya hisia. Sijui naanzia wapi, na nikiwa laini si watanipanda kichwani?
Supavaiza, Nungwi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana.

Akili ya hisia si ulaini. Wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliiandikia makala mwaka 1990, halafu Daniel Goleman akaitangaza duniani kwa kitabu chake cha 1995, na kwa ufupi ni kuzitambua hisia zako na za mwenzio, kujua zimetoka wapi, kisha kuzimudu. Sasa weye hebu rudi pale koridoni, ile ilikuwa hasira kweli? Mie nasoma barua yako naona khofu, saa inakwenda, risepsheni watapiga simu, cheo chenyewe kipya. Ungelijua ni khofu ungesema "jamani tumezidiwa, wawili njooni mnisaidie huku" na vyumba vingefanywa.

Hiyo "hamna tabu" ndo kubwa zaidi kwangu. Siye watu wa huku tuna muhali, mtu anaona vibaya kumwambia mkubwa wake umeniumiza, khasa mkubwa mwenyewe jana tu alikuwa mwenzake. Mie nimesimamia jiko la hoteli miaka 11, kulikuwa na kijana mmoja nikimpa shifti ya jioni Ramadhani nzima kwa sababu hakatai, namuuliza, ananambia hamna tabu bibi, huku anafuta meza ile ile mara ya tatu na macho hayanyanyui. Nikachukua maneno, meza sikuiona. Kumbe hajafuturu na wanawe hata siku moja tokea mwezi uandame, kanambia mkewe siku ya Idi, na nililia wallahi.

Kwa hiyo usiulize mbele za watu, na usiulize "kuna tatizo?" maana jibu lake ushalijua. Mkae wawili weye na yule msichana, umuulize kitu chenye jibu, anatoka wapi, daladala anaipata saa ngapi. Kama anapandia Kinyasini au Mkwajuni gari zikitoka mjini zinaweza kumpita zishajaa, na labda kumsogezea shifti nusu saa tu kunamaliza kuchelewa kote huko. Labda si daladala, labda kuna mgonjwa nyumbani, hujui, hukuuliza.

Kumuomba radhi lazima, tena si kwa siri. Ulimvunjia heshima mbele za wenzake basi heshima yake irudi mbele za wenzake, asubuhi kwenye brifingi, maneno mawili, "siku ile nilikosea kukufokea, nisamehe", usianze kujieleza. Kukosoa ndo kunataka sitara, kuomba radhi hakutaki.

Watakupanda kichwani? Hawatakupanda. Ushamsikiliza, ushambadilishia saa, na bado anachelewa bila ya sababu, mwandikie onyo, mpe mlango umefungwa na sauti chini.

Na hasira ikija kweli, Mtume (SAW) katufundisha mwenye hasira akiwa amesimama akae. Koridoni hakuna kiti, najua, basi ingia chumba kitupu ukae kitandani dakika tano hata kama kishatandikwa, utakitandika tena, kisha ndo utoke useme.

Kesho ukiingia stoo na wakanyamaza usiwaulize kitu, shika ncha ya shuka ukunje nao kama mlivokuwa mkikunja zamani.