Kisumu jua lipo, lakini anika kwa kuangalia saa

Dada wa Makambako, umeuliza kama ni kweli Kisumu, huku Kenya kando ya Ziwa Victoria, ni jua mwaka mzima, maana mzee amepata kazi huku, wewe umechoka na baridi, na unafikiria biashara ya dagaa wa kukausha. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu mimi nami ni wa Njombe, kwenye baridi hiyohiyo. Nilihamia Kisumu 2019 kulikimbilia hilohilo jua, na hakuna aliyenieleza haya mapema.

Nilifika Julai. Kwetu Julai unajua ilivyo: mikono inakufa ganzi asubuhi, lakini mvua hakuna, mahindi yanakaa uani wiki nzima. Kwa hiyo nilipoona joto la Kisumu nikasema hapa nimefika. Wiki ya pili nikanunua madebe matatu ya omena wabichi (dagaa huku wanaitwa omena), nikawatandaza ufukweni juu ya wavu mkuukuu kama nilivyowaona wenzangu. Mchanga ulikuwa unachoma nyayo. Saa saba nikaondoka kwenda soko la Kibuye kutafuta magunia. Mama mmoja pale ufukweni alikuwa tayari anakusanya wa kwake, akanipazia sauti: "Nyathina, koth biro!" Mwanangu, mvua inakuja. Siku zile sikujua Kijaluo hata neno moja, na nikitazama juu naona anga jeupe.

Saa tisa ilinikuta Kibuye nimejibanza chini ya bati la watu, mvua inapiga hadi hamsikilizani. Niliporudi, omena wamelala kwenye matope, ule mng'ao wao wa fedha umekwisha. Kesho yake walikuwa wa manjano na wananuka. Mfuga kuku mmoja aliwachukua kwa bei ya chakula cha kuku. Nililia, dada. Ilikuwa akiba ya miezi minne.

Yule mama ndiye aliyenishika mkono. Alinionyesha kwamba hapa jua lenyewe ndilo linaloleta mvua. Asubuhi nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda juu, na upepo wenye unyevu unatoka ziwani kuja kujaza nafasi. Upepo huo unakwenda hadi kwenye milima ya Nandi na Kericho, unapanda, unapoa, unakuwa wingu. Kericho huko inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Alasiri wingu linarudi kutumwagikia sisi huku chini. Ndiyo maana asubuhi yenye jua kali haikuahidi kitu. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unaelekea ziwani na dhoruba zinapasukia huko, juu ya wavuvi wa omena wanaovua usiku kwa taa. Nikisikia radi usiku wa manane siwezi kulala, nawawazia wale vijana.

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, Aprili ndiyo baba lao. Nyingine zinakuja kati ya Oktoba na Desemba. Januari na Februari kuna nafuu, ingawa hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa.

Sasa mimi naanika alfajiri, na saa nane sina samaki nje. Nilitengeneza vichanja vya miti na nyavu, usawa wa kiuno: hewa inapita chini, wanakauka haraka, hawashiki mchanga, na turubai lipo palepale. Dalili ninayoiamini kuliko zote ni pazia la mlangoni. Mchana kutwa linapepea kuelekea ndani kwa upepo wa ziwa. Likilala tuli ghafla, kisha likaja baridi kutoka upande wa Nandi, una dakika chache tu.

Kuhusu nyumba, nakusihi msipange bondeni kwa kuvutwa na bei. Nyalenda kuna sehemu maji yanaingia ndani. Kule Ahero na uwanda wa Kano, Mto Nyando unaweza kufurika jua likiwaka, kwa kuwa mvua imenyesha milimani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia rekodi ya 1964, na watu wa ufukweni walihama makwao. Mimi nipo Mamboleo, kwenye mwinuko kidogo.

Na malaria, tafadhali. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, mbu si wa kutisha. Kisumu ni mita 1,100 na kidogo, na ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima. Watoto wako miili yao haijazoea. Neti ziwe kwenye mizigo ya kwanza, na homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo.

Kama mzee anaweza kuchagua, njooni Januari. Na nyumba msiikague asubuhi. Nendeni saa kumi jioni, mvua ikiwa juu ya bati, mkaangalie dari na mstari wa maji ukutani.