Slivu zikiinuka umekwisha: niliyojifunza nikifungua injini ya Alfa GTV 2000

Naanza na kosa maana ndilo lililonifundisha. Gari ni Alfa Romeo GTV 2000, ile kupe ya miaka ya 70 iliyochorwa na Giugiaro, mchoraji wa magari wa Italia, wakati akiwa kwenye kampuni ya usanifu ya Bertone, na ilikuwa imeanza kutoa moshi mweupe asubuhi na kunywa maji, kidogo tu, kikombe hivi kwa wiki. Nikasema hiyo ni gasketi ya hedi (ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake), kazi ya wikendi. Fundi niliyempa alikuwa mzuri kwelikweli, injini ya Toyota anaifungua huku anapiga stori, na shida ikawa hapohapo kwa sababu hii si Toyota. Akatoa hedi vizuri, akaona kaboni imejaa juu ya pistoni, akaweka spana kwenye pulii akazungusha krankshafti, ile shafti inayosukuma pistoni juu na chini, ili pistoni zije juu azisugue. Mi niko pale nimesimama na chai yangu naangalia, hata sina habari.

Sasa, bloku ya hii injini, yaani mwili wake, ni alumini na ndani kuna slivu nne za chuma, zile paipu ambazo pistoni zinapanda na kushuka ndani yake, nazo hazijapigwa presi, zimesimama tu zenyewe, maji yanazizunguka, na chini kila moja ina oringi ndogo (pete ya mpira) ya kuzuia hayo maji yasishuke kwenye sampu, trei ya oili chini ya injini. Kinachozikandamiza ni hedi. Ukishatoa hedi halafu uzungushe krankshafti, pistoni ikipanda inaweza kupanda na slivu yake, inainuka kama unywele hivi, oringi inajikunja ama inakalia uchafu na hairudi tena vile ilikuwa. Sisi tulifunga, gari ikawaka tamu sana, nikalipa watu, nikaenda nayo hadi Limuru kujionyesha. Siku ya nne nafungua kifuniko cha oili nakuta rangi ya chai ya maziwa. Kazi ya gasketi ikageuka kuwa injini nzima chini.

Kwa hivyo kabla hujagusa chochote, tafuta paipu ya chuma, ikatwe vipande vifupi vya kuingia kwenye stadi za hedi (zile bolti ndefu zinazoishika), weka washa pana zinazoshika mdomo wa slivu, kaza kwa nati zilezile za hedi, kaza kidogo tu. Mtu wa kuchomelea atakukatia kwa bei ya soda mbili. Hapo sasa zungusha unavyotaka.

Hedi yenyewe kutoka inaweza kukutesa. Stadi ni 10, ni za chuma, zinapita ndani ya alumini, na kama gari ilikaa miaka inatiwa maji ya mfereji kwenye redieta (na wengi wetu ndivyo tulivyozoea, dumu iko kwenye buti) basi kutu na unga mweupe vimeshikana humo kama simiti. Usiingize bisibisi katikati ya hedi na bloku! Ukiacha alama kwenye alumini gasketi haitakaa. Mi nilimwagia mafuta ya kulegeza kutu kila jioni kwa wiki nzima na kugonga stadi taratibu kwa kipande cha shaba, jirani akafikiri nimepata wazimu, lakini ilitoka nzima.

Baada ya hapo nilipeleka vitu Industrial Area, Nairobi, kwa mzee mmoja wa mashine shopu, wa zile lathe ambazo zina umri kuliko mimi. Nikamwambia Mzee naomba unitobolee slivu saizi ya juu nitafute pistoni kubwa. Akanicheka. "Kijana, kwa nini utoboe kitu ambacho kinauzwa na pistoni yake?" Na ni kweli, slivu za hizi injini zinauzwa seti nne, kila moja na pistoni, ringi na pini yake, zimepimwa pamoja tayari, kipenyo 84 mm kwa injini ya 2000. Hiki ndicho kitu kizuri cha Alfa. Injini hii ilionekana mara ya kwanza 1954 kwenye Giulietta Sprint ikiwa 1290 cc, wakaikuza hadi 1962 cc, na Spider iliendelea kuitumia mpaka mwanzo wa miaka ya 90, kwa hivyo spea zipo Ulaya tele, unaagiza kwenye simu ukiwa umekaa sebuleni. Kinachouma ni usafiri na ushuru. Usiagize vitu vidogo vidogo mara sita kama nilivyofanya mimi, kaa chini upime kila kitu kwanza ndio uagize mara moja.

Mzee ndiye pia aliyenionyesha vizibo. Ndani ya krankshafti kuna njia za oili na mwisho wake zimezibwa na vizibo vidogo vya alumini, na nyuma ya kila kizibo kuna matope meusi ya miaka 40, magumu kama lami. Ukipeleka krankshafti ikasagwe na ukaweka beringi mpya bila kutoa hivyo vizibo, siku moja yale matope yataachia na yataenda moja kwa moja kwenye beringi zako mpya. Toboa, toa, safisha na brashi na petroli, piga presha, weka vizibo vipya. Mtu akikwambia "nimeosha" muulize umetoa vizibo? Akinyamaza, rudisha krankshafti.

Halafu urefu wa slivu. Zikishakaa kwenye bloku, midomo yake inafaa iwe sawa na uso wa bloku ama ipande juu kidogo sana, isizidi milimita 0.06, na isiwe chini hata kidogo. Karatasi ya kawaida ni nene kuliko hiyo. Pima kila slivu sehemu nne, andika. Moja yangu ilikuwa chini, nikadhani bloku imekufa, kumbe ni chembe za kutu kwenye slivu ya jirani zilikuwa zinanidanganya na rula imelala upande, nilipoteza siku mbili hapo.

Gasketi ya hedi ina oringi sita ndogo kwenye njia za oili, hizi ndizo zinazovuja hata kwa watu waangalifu. Zisipake silikoni, silikoni ikizidi inamenyeka inaingia kwenye oili. Uso mkavu, safi, oringi mpya, tok renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) inayosema ukweli, kaza kwa mpangilio wa kitabu kutoka katikati kwenda nje. Na ukimaliza hujamaliza: baada ya kilomita mia kadhaa, injini ikiwa baridi, unarudi, unalegeza nati moja kidogo, unaikaza tena kwa tok, unaenda inayofuata. Hapa ndipo watu wengi wanakuwa wavivu.

Valvu sitasema mengi. Nafasi inarekebishwa kwa shimu, kisahani cha chuma kidogo kama kifungo cha shati, chini ya kikombe kinachokaa juu ya valvu, na kubadilisha ni lazima utoe kamshafti, shafti inayosukuma valvu. Kwa hivyo pima zote 8 kwanza, andika, piga hesabu, ndio utoe mara moja.

Sasa imewaka, utaitunzaje. Oili nzito ya 20W-50 na sampu inabeba zaidi ya lita 5, kwa hivyo inachukua muda kupata moto hata kama mshale wa maji umeshapanda, usiende juu ya 3000 rpm hapo mapema, endesha kama unampeleka nyanya yako kanisani. Sampu ni alumini ya mapezi na imekaa chini chini, matuta ya Nairobi yanaitafuta, mi napanda tuta kwa upande kama mlevi na matatu zinanipigia honi, sawa tu. Redieta ni kulanti (maji maalum ya kupoza injini) peke yake, ile dumu ya maji nilishaitoa kwenye buti.

Na kabureta, hili ni letu watu wa huku juu. Jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, zilizotoka Italia zilichaguliwa kwa hewa ya chini kule, Nairobi tuko karibu mita 1,700, hewa nyepesi, petroli inazidi, plagi zinakuwa nyeusi na gari inanuka. Kwenye Weber, kabureta za gari yangu, namba ya jeti ni tundu lake, 130 ni milimita 1.30. Nilishuka hadi 125 kwenye jeti kubwa na ngazi moja kwenye jeti za silensa (injini ikizunguka polepole), ambazo ndizo unazotumia sana mjini, na gari ikabadilika kabisa. Nguvu yote hairudi, hewa haipo, zoea.

Lakini ukiteremka Mombasa na hizo jeti ndogo, hewa inaongezeka petroli inabaki ileile, injini inachemka na inaanza kugonga ukipanda mlima, na hivyo ndivyo pistoni inavyotobolewa. Mi nina seti mbili, za Nairobi na za pwani, ziko kwenye chupa ya dawa ndani ya droo ya deshibodi. Nikifika Voi, njiani kwenda pwani, nasimama chini ya mti, nafungua kofia za Weber, nabadilisha, dakika 20 hivi, na kila mara lazima mtu aje aulize kama gari imekufa.