Malkia Kwenye Neli: Maswali Yenu Kuhusu Kulea Sisimizi

Msimu wa malkia kuruka umewakuta wengi na kichupa mkononi, na maswali yamekuja kwa wingi. Nimeanza na yale yanayojirudia.

Baada ya mvua nimeokota mdudu mkubwa aliyeng'oka mabawa. Nitajuaje kama ni malkia wa sisimizi au ni kumbikumbi tu?

Mtazame kiunoni. Sisimizi ana kiuno chembamba, kama kilichokazwa kwa uzi. Kumbikumbi ni mchwa, hana kiuno; mwili wake umenenepa moja kwa moja. Kisha tazama vipapasio: vya sisimizi vimepinda kama kiwiko, vya kumbikumbi vimenyooka kama shanga zilizotungwa.

Ukishajua ni sisimizi, angalia kifua. Malkia ana kifua kinene kilichojaa misuli ya kurukia, na ubavuni utaona makovu ya mabawa. Dume ana kichwa kidogo na mwili mwembamba, na hufa muda mfupi baada ya kupandana. Huo ndio mpaka mkubwa kati ya koo hizi mbili: mchwa huanza maisha wakiwa mfalme na malkia, ilhali malkia wa sisimizi kwa kawaida huanza peke yake, akiwa na akiba ya mbegu za kiume tumboni itakayomtosha maisha yake yote. Na maisha hayo si mafupi. Malkia mmoja wa aina ya Lasius niger aliyefugwa maabara aliishi karibu miaka 29. Lipime hilo kabla hujambeba nyumbani.

Wangu bado ana mabawa. Nimwachilie?

Mpe muda kwanza. Wengi huyang'oa wakishapandana, lakini wapo wanaotaga wakiwa nayo, na wapo wanaoyang'oa bila kupandana kabisa. Watoto ndio watakaokupa jibu. Kwa kawaida yai lisilorutubishwa huwa dume, kwa hiyo wakitoka madume watupu wenye mabawa, malkia huyo hakuwahi kupandana na hatapata wafanyakazi.

Nimemweka kwenye chupa yenye udongo na ninampa asali kila siku, lakini hali. Nifanyeje?

Mtoe humo. Kwenye udongo hutamwona, na asali itamnasa au itaota ukungu. Tafuta neli nyembamba ya kioo iliyozibwa upande mmoja. Tia maji theluthi moja, sukuma pamba mpaka iguse maji na ikaze sawasawa, maana ikilegea maji yatavuja na kumzamisha pamoja na mayai yake. Mwingize malkia kwenye nafasi iliyobaki, kisha ziba mdomo kwa pamba nyingine kavu inayopitisha hewa. Ifunike neli iwe giza, uilaze mahali pasipotikisika, mbali na friji na spika. Joto la nyuzi 24 hadi 28 linawafaa wengi.

Kuhusu chakula, hali kwa sababu hahitaji. Ile misuli ya kurukia haina kazi tena, basi mwili wake unaiyeyusha pamoja na mafuta aliyohifadhi, na kwa hiyo anatengeneza mayai na kulisha mabuu. Anawalea watoto kwa mwili wake mwenyewe. Mimi hadi leo nikilitafakari jambo hilo nanyamaza.

Si wote walio hivyo, lakini. Zipo aina ambazo malkia hutoka kiotani kuwinda wakati wa kulea kizazi cha kwanza. Mara nyingi kifua chake si kipana sana ukimlinganisha na mfanyakazi wa aina yake. Huyo ukimfungia bila chakula atakufa. Mpe mdudu mdogo aliyeuawa na tone la maji ya sukari kila baada ya siku chache, uondoe mabaki. Ndiyo maana nasisitiza: jua kwanza aina uliyonayo.

Wiki iliyopita nilihesabu mayai manane. Leo nimeona matatu. Namkagua kila asubuhi na sielewi yanakwenda wapi.

Ameyala, na sababu umeitaja mwenyewe: kila asubuhi. Mwanga wa ghafla na mtikisiko vinamwambia kwamba shimo lake si salama, naye hurudisha mwilini alichotoa ili aanze tena. Hatafanya hivyo mara nyingi, kwa kuwa akiba yake haiongezeki.

Malkia wangu wa kwanza nilimpoteza hivyohivyo. Kila mgeni aliyefika nilimtolea neli. Alitaga mara tatu, akayala mara tatu, kisha akafa, na bado linaniuma. Sasa namchungulia malkia mara moja kwa wiki, kupitia karatasi nyekundu ya nailoni, kwa kuwa sisimizi wengi hawaioni vizuri rangi nyekundu. Nawe jizuie hivyo. Aina ndogo kama Pheidole zinaweza kutoa wafanyakazi kwa mwezi hivi. Camponotus, ambao ni sisimizi wakubwa, huchukua takriban miezi miwili, wakati mwingine zaidi, na joto likipungua muda huongezeka.

Pamba imeota ukungu.

Ukiwa kidogo, mwache. Ukienea au maji yakiisha, andaa neli mpya, ziunganishe mdomo kwa mdomo, ya zamani uiache kwenye mwanga na mpya uifunike. Atahama mwenyewe na mayai yake, hata ikichukua siku kadhaa. Usimkung'ute.

Nimepata malkia wawili. Niwaweke pamoja?

Watenganishe. Baadhi ya aina huanza kwa ushirika, lakini mara nyingi wafanyakazi wakishatoka, mmoja huuawa.

Wafanyakazi wanne wametoka, wadogo mno! Kiota kikubwa nilichotengeneza kiko tayari. Niwahamishe?

Hongera sana. Udogo wao ni wa kawaida, kwa sababu walilelewa kwa akiba ya mama. Watakaofuata watakuwa wakubwa zaidi. Kiota kiache kwanza. Kundi dogo ndani ya ukumbi mkubwa hutupa taka kwenye pembe na ukungu hufuata. Mimi husubiri wafike 20 au 30.

Chakula sasa ndipo kinapoanza: tone la maji ya sukari lisilozidi kichwa cha kiberiti, ili wasizame, na kipande cha mdudu kwa ajili ya mabuu. Wafanyakazi huendeshwa na sukari, ila mabuu bila protini hawakui.

Natamani kuanzisha kundi la siafu. Malkia wao anapatikana vipi?

Hapatikani kwa njia hii. Malkia wa siafu hana mabawa na hawezi kuanza peke yake. Kundi zima hugawanyika, naye huondoka na jeshi lake.

Nahamia mbali na siwezi kuwachukua. Nikawaachie huko niendako?

Hapana, nakuomba. Sisimizi wa aina za Pheidole megacephala na Solenopsis invicta wamevuruga maisha ya wadudu na wanyama katika nchi nyingi kwa sababu tu watu waliwasafirisha. Wape mfugaji mwenzako, au, kama wewe mwenyewe ulimwokota malkia na kundi halijawahi kukaa na sisimizi wa kigeni, warudishe palepale ulipomwokota.