Zitunge upya kauri za bibi yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni kumkosea heshima bibi yako kuukata uzi wa mkufu wa kauri, yale makombe madogo ya baharini, aliokuachia, uutunge upya upate kuuvaa kila siku badala ya kuufungia sandukuni. Ukate, mwanangu. Nakuruhusu kwa moyo mweupe.

Kwenye pango la Blombos, Afrika Kusini, watafiti walifukua makombe madogo ya konokono yaliyotobolewa na watu miaka ipatayo 75,000 iliyopita. Matundu yake yamelainika kwa kusuguliwa, maana yalivaliwa hasa. Tena alama hizo zinaonyesha kuwa namna ya kuyatunga ilibadilika kadiri vizazi vilivyopokezana. Kumbe hata watu wale wa kale sana hawakung'ang'ania mtunga wa waliowatangulia!

Na kule visiwa vya Trobriand, nchini Papua New Guinea, mikufu ya kombe jekundu huzungushwa kutoka kisiwa hadi kisiwa kuelekea upande mmoja, na bangili za kombe jeupe upande wa pili. Kadiri pambo linavyopita mikononi mwa watu ndivyo linavyopata sifa, na anayelikalia muda mrefu husemwa. Mimi naona wana haki.

Ila usiuvae kama urembo mtupu. Kauri zilikuwa fedha. Zilitoka Maldivi zikafika Bengali na Afrika Magharibi, na katika karne ya 19 shehena kubwa zilipakiwa Zanzibar kupelekwa huko huko magharibi. Zilinunua nguo na chakula, zikanunua na binadamu. Jambo hili huniuma kila nizishikapo, na hata hivyo nazipenda, kwa sababu watu walewale walizishona pia kwenye mavazi ya ibada na kuwavisha watoto wao kama kinga. Mwanao akikuuliza, mweleze yote mawili, usimfiche.

Sasa kazi yenyewe. Tumia uzi imara, upige fundo kati ya kauri na kauri, ili ukikatika zisimwagike zote. Zioshe kwa maji na sabuni laini. Siki usiikaribishe kabisa, kombe ni chokaa na siki huila. Ile yenye ufa usiitupe, itunge karibu na kifungo.

Zikibaki chache, mtungie mdogo wako bangili. Anazitamani toka zamani, anaona haya tu kukuomba.

Mama yako