Soul Makossa: Upande wa B ulioshinda

SWALI: Ndugu Mhariri, ni kweli Soul Makossa ya Manu Dibango ilianzia kwenye santuri ya wimbo wa mpira wa miguu? Na mbona nasikia matoleo mengi yasiyo na sauti yake?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli kabisa. Mwaka 1972 Kamerun iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Dibango, mpiga saksafoni wa Kamerun, akatunga wimbo wa mashindano hayo. Huo ndio uliokaa upande wa A, upande mkuu wa santuri. Soul Makossa ilijazia upande wa B. Kamerun ilitolewa na Kongo-Brazzaville nusu fainali, na wimbo wa mpira ukasahaulika.

New York ndiko mambo yalikogeuka. DJ David Mancuso aliipata santuri hiyo katika duka la Wakaribi, Brooklyn, akaipiga kwenye dansi zake za The Loft. Mtangazaji Frankie Crocker akaichukua redioni, kituo cha WBLS. Nakala zilizotoka Ufaransa zilikuwa chache, zikaisha upesi. Pengo hilo ndilo lililozaa matoleo unayoyasikia: bendi za studio, kama Afrique, ziliurekodi upya haraka ili kuwauzia waliokosa. Kampuni ya rekodi ya Atlantic iliponunua haki na kutoa rekodi halisi, ilifika nafasi ya 35 kwenye chati ya Marekani ya Billboard, 1973. Kwa wimbo wa Kiafrika wakati ule, hayo ni mafanikio makubwa mno.

Ukitaka kuitambua halisi, sikiliza saksafoni ya Dibango na sauti yake nzito, inayozungumza zaidi ya kuimba.