Thrasta Ikilia "Ta" Bila Kuzunguka, Usikimbilie Mota Mpya

Juma lililopita niliandikiwa na nahodha kijana wa Dar es Salaam, anayeendesha boti ya matembezi ya bosi wake pale Msasani. Alikuwa na hasira, na namwelewa. Kila akisukuma kijiti cha thrasta ya omo, yaani lile panga dogo la mota linalosukuma pua ya boti kushoto au kulia, anasikia "ta" moja huko mbele, taa za ndani zinafifia, kisha kimya. Fundi aliyeitwa alifungua kifuniko, akagusa vichwa vya betri kwa mita, akasoma volti 12.6, akatangaza kwamba betri ni nzima na mota imekufa. Sasa bosi anaambiwa aagize mota nyingine Ulaya, na nahodha ndiye anayelaumiwa kwa kuichoma.

Nikamuuliza jambo moja tu: hiyo 12.6 ilisomwa thrasta ikiwa kazini au ikiwa imelala? Akakaa kidogo, akajibu, "Imelala." Basi mpaka hapo hakuna aliyepima chochote.

Jibu refu naliweka hapa, kwa sababu wengi mnaonisoma mna hamu ileile niliyokuwa nayo: kutoka kwenye gereji za magari na kuingia kwenye umeme wa boti, kazi yenye heshima na malipo mazuri kidogo. Thrasta ndiyo mlango mzuri wa kuingilia. Mota yake ya umeme wa betri, yenye kaboni (vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka) na solenoidi (swichi nzito ya sumaku inayoifungulia mota umeme), ni ndugu wa damu na stata ya gari. Aliyewahi kufungua stata mia za matatu hana cha kuogopa mbele ya thrasta.

Mimi nilianzia huko, kwenye stata. Na kuna mtu hakunisamehe hilo.

Ilikuwa Mtwapa, wakati wa kusi. Mzee mmoja wa Nairobi ana boti ya dizeli ya kama mita 12, injini moja, thrasta ya volti 12 kwenye omo. Ukiijua hori ya Mtwapa unajua kwamba kusi likivuma na maji ya bamvua yakikupwa kwa kasi, boti ya injini moja hailali kwenye gati kirahisi. Omo inachukuliwa na upepo kabla kamba haijafika nchi kavu. Thrasta ikigoma saa hiyo unaweza kukwaruza boti ya jirani ya mamilioni. Yake ilikuwa ikigugumia: inazunguka kivivu, inakata, solenoidi inapiga "kwa-kwa-kwa" kama inatetemeka, kisha inakaa kimya. Mtaalamu mmoja alishabadilisha solenoidi, hali ikabaki vilevile. Akabadilisha fyuzi, vilevile. Akaandika karatasi ya bei ya mota mpya pamoja na gharama ya kuipandisha boti juu.

Mzee akaniita kusikia neno la pili. Yule mtaalamu alikuwepo. Nilipoanza kutoa mita yangu akamwambia mzee, mbele yangu, "Huyu ni fundi wa matatu. Hizi si stata." Sikumjibu. Lakini maneno yale ninayo mpaka leo, na nayaandika kwa sababu najua wapo vijana wanaosoma hapa ambao wameshaambiwa hivyohivyo.

Sasa tazameni kazi yenyewe, maana hapa ndipo penye ilimu.

Thrasta ni mlafi. Mota ya kilowati 3 kwenye volti 12, kwa hesabu ya kugawanya tu, inataka ampea 250, na kwa kweli huchukua zaidi. Kwa ampea nyingi namna hiyo, upinzani mdogo ambao taa isingeuhisi kabisa unakuwa ukuta. Chukua ampea 300 zipite kwenye kiungo chenye upinzani wa sehemu tano za elfu za omu moja, yaani omu 0.005. Umepoteza volti 1.5 na umezalisha joto la wati 450 mahali pamoja. Ndiyo maana kupima betri ya thrasta ikiwa imelala ni kama kumpima mchukuzi nguvu akiwa amekaa kivulini. Mpe gunia kwanza.

Nikamwomba kijana wa boti ashike kijiti na asukume kwa sekunde tatu nne kila ninapomwashiria. Mita niliiweka kwenye volti za DC. Betri imelala: 12.7. Thrasta kazini, kwenye vichwa vya betri: 11.6. Hapo betri imeshajitetea. Kisha kwenye boliti za mota yenyewe, bado thrasta kazini: 8.3. Watengenezaji wengi wanataka mota ipate isiwe chini ya volti 10 na kitu. Kwa 8.3 hata solenoidi haishiki sawasawa, ndiyo ile "kwa-kwa-kwa", na kila inapotetemeka hivyo inajichoma midomo, yaani sehemu zake zinazogusana kupitisha umeme. Kwa hiyo ile solenoidi ya kwanza huenda iliumia kweli, ila haikuwa chanzo cha ugonjwa, na mpya ilikuwa njiani kuifuata.

Volti 3.3 zimepotea njiani. Zimepotelea wapi? Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye boliti chanya ya mota, sukuma kijiti, soma. Nambari inayotokea ndiyo volti iliyoliwa upande huo. Nilipata 0.6, na hiyo ni ya kawaida kwa kebo ndefu pamoja na fyuzi na swichi kuu. Nikafanya hivyohivyo upande wa hasi: 2.7.

Mafundi wengi huufuata waya mwekundu kama polisi na kuusahau mweusi. Umeme unaokwenda lazima urudi, na njia ya kurudi ina viungo vyake. Nikaifuata hasi kipande kwa kipande, ncha ya mita ikiruka kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka nikafika chini ya mbao za sakafu, kwenye ngama, tumbo la chini kabisa la boti, ambako kebo zote hasi zinakutana kwenye bamba la shaba. Boliti moja, mita ikaruka: 2.3.

Nikazima swichi kuu, nikafungua. Mpira wa kebo umebadilika rangi, umekuwa mgumu na unavunjika ukiugusa. Lagi ya shaba, kile kikombe chenye tundu kinachobanwa kwenye ncha ya kebo, imeingia rangi ya zambarau na buluu, ile inayotokea chuma au shaba ikipikwa. Unga wa kijani pembeni. Na katikati ya lagi na bamba, mtu aliweka washa ya chuma cha pua. Hiyo washa ndiyo iliyokuwa ikibeba umeme wote. Chuma cha pua ni kipitishi duni sana ukilinganisha na shaba, na mahali pake ni juu ya lagi, chini ya nati, kukandamiza tu. Shaba inatakiwa ikae juu ya shaba. Mita yangu ya kubana, ile inayoshika kebo kwa nje na kusoma ampea, ilisema 240, kwa hiyo zaidi ya wati 500 zilikuwa zinageuka joto kwenye boliti moja, ndani ya ngama, chini ya miguu ya watoto wa mzee.

Nikakata ncha ya kebo mpaka kwenye shaba safi, nikabana lagi mpya iliyopakwa bati, nikasugua bamba kwa msasa mpaka liking'ae, lagi kwanza, washa juu, nikakaza, nikapaka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa. Injini ikawashwa ili alteneta isaidie: betri kazini 12.1, mota 10.9. Omo ikageuka ikarusha maji pembeni. Mzee alicheka kwa sauti. Yule mwingine alikuwa ameshaondoka, na hakuna aliyeniomba radhi. Mota ile bado inafanya kazi hadi leo.

Basi nawaambia wadogo zangu: pimeni ikiwa kazini. Kabla ya kufungua chochote, kabla ya kutaja bei yoyote, pimeni ikiwa kazini, kwenye mota, siyo kwenye betri tu. Mita ya kawaida ya volti inatosha kwa kazi hii. Usijaribu kupitisha umeme wa thrasta ndani ya mita ili usome ampea, maana nyingi mwisho wake ni ampea 10. Ukitaka ampea nunua mita ya kubana inayosoma DC. Zile za bei nafuu nyingi husoma AC tu na hazitakusaidia kitu.

Kama hakuna hata "ta", hapo habari ni nyingine, uko upande wa amri: fyuzi ndogo, plagi za waya mwembamba zilizoingia chumvi, au paneli ya kuendeshea yenyewe. Paneli nyingi hazikubali mpaka ubonyeze vitufe viwili pamoja, na hujizima zenyewe zikikaa bila kazi. Mwulize nahodha kwanza kama ametoka kuitumia kwa muda mrefu. Mota hizi zimeundwa kwa dakika mbili au tatu mfululizo, na ndani yake mna swichi ya joto inayokata ili mota isiungue. Ngoja ipoe, itarudi. Na kama mota inavuma vizuri lakini omo haisogei, weka mita chini, umeme hauna kosa. Pini ya usalama imekatika, au panga limetoka, au bomba ambamo panga hukaa limejaa vigamba vya baharini kwa sababu boti imekaa tangu kaskazi bila kusuguliwa.

Volti kamili zikifika kwenye mota na solenoidi imeshika, na bado mota haizunguki, hapo sasa ifungue. Mara nyingi utakuta kaboni zimeisha, au zimekwama kwa vumbi la kaboni zenyewe na springi haizisukumi. Usiweke mafuta hapo. Futa vumbi, hakikisha kaboni inateleza kwenye nyumba yake, rudisha.

Kebo nayo nitaisema tena kwa sababu watu hawasikii. Kwa ampea 300 na mita 16 za kwenda na kurudi, kebo ya milimita za mraba 50 inakula volti 1.7. Ya 95 inakula 0.9 tu. Mtu akikwambia kebo ya kulehemu aliyo nayo stoo itafaa, mwonyeshe hesabu hiyo. Tena ile isiyopakwa bati, hewa ya chumvi huingia chini ya mpira na kuiozesha kutoka ndani ambako huoni.

Wenye boti nao wana neno lao la kusikia. Mnalipa bila kusita mkipewa kifaa kipya mkononi, lakini mtu akikesha chini ya sakafu na mita akawaambia shida ni washa moja, mnaona amewaibia. Kifaa kisichohitajika ndicho wizi. Lipeni kazi ya kupima kama mnavyolipa kazi ya kubadilisha, ndipo mtapata mafundi wanaopima. Na msimdharau mtu kwa mahali alipojifunzia.

Mawili ya usalama, halafu nimemaliza. Solenoidi iliyoungua midomo inaweza kunasa, na thrasta ikaendelea kuzunguka hata ukiachia kijiti. Kila mtu anayeishika boti lazima ajue swichi kuu ya thrasta iko wapi na aifikie bila kuhamisha mizigo. Nimeona boti ambayo swichi hiyo ilikuwa chini ya magodoro. Na boti ya petroli usiichukulie kama ya dizeli: kaboni za mota hutoa cheche kila mota inapozunguka, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutulia kwenye ngama. Mota isiyokuwa na kinga ya cheche ya kiwango cha ISO 8846 haikai chumba kimoja na tangi au injini ya petroli. Ukiikuta imefungwa hivyo, zima swichi kuu, fungua vifuniko vyote hewa ipite, na usiiwashe hata kwa kupima mpaka imehamishwa.