Muhogo mchungu, bakteria wa utumbo na neva za miguu

SWALI: Shikamoo daktari. Ninafundisha sayansi katika shule ya sekondari wilayani Newala. Wanafunzi waliniuliza iwapo bakteria wanaoishi tumboni wanaweza kuathiri mishipa ya fahamu. Nikawajibu kwamba wanaweza, lakini nilipotakiwa kutoa mfano nikakwama. Tena, kuna mzee jirani yetu aliyepooza miguu akiwa mtoto, na watu husema alilemazwa na muhogo. Je, mambo haya mawili yana uhusiano? Na kunywa mtindi kunasaidia?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Uhusiano upo, na mfano ulioukosa mbele ya wanafunzi wako umo katika unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, unaosongwa ugali huko huko kwenu.

Nianze na njia zenyewe. Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa neva, wenye seli zinazohesabiwa kwa mamia ya mamilioni, unaoweza kusukuma chakula bila kungoja amri ya ubongo. Mtandao huo umeunganishwa na ubongo kwa neva ya vagasi, ambayo takribani asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka viungo vya ndani kwenda kichwani. Bakteria huingilia mawasiliano hayo kwa kemikali wanazozitoa au wanazozichochea. Baadhi yao huchochea seli za utumbo kutengeneza serotonini, kemikali inayopeleka habari kati ya seli, na zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutoka huko. (Serotonini hiyo haivuki kuingia ubongoni, kwa hiyo wanaotangaza kwamba furaha hutengenezwa tumboni wanaruka hatua kadhaa.) Mwaka 2022 watafiti wa Imperial College London walionyesha kwamba kemikali inayotolewa na bakteria wa utumbo aitwaye Clostridium sporogenes huwasaidia panya kukuza upya neva ya mguu iliyopondwa. Huo ni upande wa manufaa.

Upande wa madhara ndio unaotuhusu zaidi sisi wa kusini. Muhogo mchungu una kemikali iitwayo linamarini, ambayo ndani yake imefungwa sumu ya sianidi, na mmea huitunza mbali na kimeng'enya (kichocheo cha kikemia) kinachoweza kuivunja. Muhogo ukitwangwa, ukikunwa au ukilowekwa, viwili hivyo hukutana, linamarini huvunjika na sianidi hupaa hewani kama gesi. Lakini muhogo ukimenywa na kuanikwa juani vipande vizima, kama tunavyofanya makopa, seli nyingi hukauka kabla ya kupasuka, na linamarini nyingi hubaki. Sipendi kumlaumu mpishi kwa jambo hili. Kuloweka kunataka maji mengi, na kila aliyeishi juu ya Uwanda wa Makonde anajua ndoo moja ya maji hutafutwa kwa jasho kiasi gani. Ukame nao huongeza linamarini ndani ya muhogo wenyewe, kwa hiyo mwaka wa njaa ndio mwaka wa hatari.

Sasa fuatilia unga huo hadi chunguni. Moto wa ugali huua kile kimeng'enya cha muhogo, lakini linamarini hustahimili moto na humezwa ikiwa nzima. Seli za binadamu zina uwezo mdogo sana wa kuivunja, na sehemu yake hutoka kwenye mkojo bila kubadilika. Wanaoivunja ni bakteria wa utumbo, kwa kuwa wengi wao wana vimeng'enya vya kukata sukari iliyoambatana nayo. Kazi ambayo haikumalizwa kwenye kinu na kwenye ungo inamaliziwa tumboni, na safari hii gesi haina anga ya kupaa, hivyo sianidi huingia katika damu. Amigdalini, ambayo ni ndugu wa linamarini na hupatikana katika mbegu za aprikoti, ilitumika mwaka 1980 katika jaribio nchini Marekani: panya waliolishwa kemikali hiyo wakiwa na bakteria wao wa kawaida walipata sumu ya sianidi, ilhali waliofugwa bila bakteria wowote walisalimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu watoto wa Kahemba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliona pia kwamba mchanganyiko wa bakteria wa utumbo hutofautiana kati ya maeneo yenye ugonjwa wa miguu uletwao na muhogo na yasiyo nao. Hilo halithibitishi bado kwamba bakteria ndio huamua nani augue, lakini linaelekea huko.

Ugonjwa wenyewe huitwa konzo, neno la Kiyaka la huko Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na Mtwara ilikumbwa nao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huwapata zaidi watoto waliokwisha kuacha ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa, wakati mlo unapokuwa muhogo mchungu kwa majuma mengi bila protini ya kutosha. Mwili huondoa sianidi kwa kuiunganisha na salfa inayotokana na protini, na salfa ikiisha, neva zinazoleta amri za ubongo kwenye miguu huumia na haziponi. Mtu hulala mzima akaamka miguu imekaza.

Mzee jirani yako sijamwona, na polio nayo ililemaza wengi wa rika lake. Mtazame anavyotembea. Polio huacha mguu uliolegea na kukonda, mara nyingi mmoja. Konzo hukaza yote miwili, mgonjwa akakanyaga kwa ncha za vidole huku magoti yakipishana kama mikasi, na hali hiyo haizidi miaka inavyopita.

Kuhusu mtindi, unywe kwa sababu protini ya maziwa ina salfa, kama zilivyo dagaa na mayai, lakini usitegemee bakteria wake. Mwaka 2011 bakteria mmoja wa jamii ya Lactobacillus aliwapunguzia panya wasiwasi, na athari hiyo ikatoweka neva ya vagasi ilipokatwa. Jaribio la aina hiyo hiyo kwa wanaume wenye afya, lililochapishwa mwaka 2017, halikuonyesha faida yoyote.

Kinachosaidia ni kuulowesha unga, na darasa lako linaweza kukijaribu bila kuhitaji ndoo nzima. Tia unga kwenye beseni, weka alama mahali ulipofika, kisha ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga: unga utashuka kwanza, halafu utapanda hadi kwenye alama, na hapo maji yametosha. Utandaze juu ya mkeka kwa unene usiozidi sentimita 1, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, ili kimeng'enya kilichobaki kwenye unga kiivunje linamarini na gesi itoke. Usonge ugali siku hiyo hiyo, kwa kuwa unga uliolowa ukilala huharibika.